Vinasaba vyaunganisha unene na kinga ya mwili

KATIKA mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtu anayenenepa hupewa pongezi. Husemwa kuwa mambo yamemnyookea, biashara inalipa na nyumbani kuna amani. Anayekonda huulizwa kulikoni, na wakati mwingine haulizwi bali hunong'onwa.

Mazoea hayo yana historia yake. Tangu ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, wembamba uligeuka kuwa jambo la kutiliwa shaka. Mwili mnene ukachukuliwa kuwa cheti cha afya, ushahidi kwamba mwenye nao ana kinga imara.

Sayansi ya leo inaeleza habari tofauti. Mafuta ya mwilini na kinga ya mwili ni mifumo miwili inayoishi nyumba moja, inayozungumza kwa kutumia kemikali zilezile, na kwa sehemu inayoongozwa na jeni zilezile. Mafuta yanapopungua mno kinga hudhoofika. Yanapozidi mno kinga huvurugika, ikawa inapigana pale pasipo na adui na kuchelewa pale adui anapobisha hodi.

Makala haya yanaeleza uhusiano huo, jinsi ulivyogunduliwa, mchango wa tafiti zilizofanywa kwa Waafrika, wakiwamo Watanzania, na maana yake kwa msomaji wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na miji mingine inayokua kwa kasi.

Mkoa wenye sura mbili

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Una wilaya za Ileje, Mbozi, Momba na Songwe, na makao makuu yake yapo Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 1.3. Ni mkoa wa wakulima wa mahindi, maharage, mpunga na kahawa, ambao lango lake la biashara ni Tunduma.

Kwa upande wa lishe mkoa huu una sura mbili. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliuweka Songwe miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa nchini, ambapo zaidi ya asilimia 40 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Ni ajabu kwa mkoa unaovuna chakula kingi, lakini wataalamu wa lishe wanajua kuwa tumbo lililojaa ugali mtupu si sawa na mwili uliolishwa.

Sura ya pili ni ya mijini. Tafiti za kitaifa za afya zinaonesha kuwa wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 11 katika mwaka 1991/92. Kufikia mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Utafiti mwingine wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa asilimia 9 hivi ya watu wazima walikuwa na kisukari.

Anayeishi Tunduma hahitaji takwimu kuelewa chanzo. Ni mji wa malori, maghala, maduka ya kubadilishia fedha na usafiri wa bodaboda. Dereva hukaa kwenye usukani kwa siku kadhaa, kisha hukaa tena akingoja karatasi zake. Foleni ilipungua baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, lakini kazi yenyewe bado ni ya kukaa. Chakula kilicho karibu ni chipsi mayai, nyama choma na soda.

Unene hupimwaje?

Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano wa uzito na urefu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 82 atagawanya 82 kwa 2.72, na jibu ni 30 na kidogo.

Uwiano wa 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida. Kuanzia 25 mtu ana uzito uliozidi, na kuanzia 30 ana unene uliokithiri. Mfano wetu, ambaye mtaani angeitwa mtu mwenye afya, tayari amefika kwenye daraja hilo la mwisho.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa kiuno. Mafuta yaliyozunguka maini na utumbo ni hatari zaidi kuliko yaliyo mapajani. Shirika la Afya Duniani limeweka alama ya tahadhari kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Hatari huongezeka sana baada ya sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume. Kamba ya fundi cherehani inatosha kutoa jibu.

Je, unene ni wa ukoo?

Wapo wanaosema unene ni wa kurithi, na wapo wanaosema ni uvivu na ulafi. Tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wazazi wasio wa damu yao zinaonesha kuwa, ndani ya jamii moja, kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za uzito baina ya mtu na mtu hutokana na vinasaba.

Idadi hiyo isieleweke vibaya. Haina maana kwamba asilimia 70 ya kitambi cha mtu fulani kimetoka kwa babu yake. Maana yake ni kuwa watu wanaoishi katika mazingira yanayofanana, wakila vyakula vinavyofanana, bado hutofautiana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huelezwa na walichorithi. Mazingira yanapobadilika, jamii nzima inaweza kunenepa bila jeni yoyote kubadilika. Ndivyo ilivyotokea nchini kati ya mwaka 1991 na 2016, kwani miaka 25 haitoshi kubadili vinasaba vya taifa.

Jeni ni kipande cha maelekezo kilichomo ndani ya kila seli, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa tofauti ndogo katika jeni iitwayo FTO huongeza uzito. Mwenye nakala mbili za aina hiyo alikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya asiye nayo. Tangu hapo mamia ya tofauti nyingine zimebainishwa, nyingi zikiwa na nguvu ndogo zaidi.

Mwaka 2011 uchambuzi wa takwimu za watu wazima zaidi ya 200,000 ulionesha jambo la kutia moyo. Kwa watu wanaoushughulisha mwili, athari ya FTO ilipungua kwa zaidi ya robo. Jeni haikufutika, ila nguvu yake ilipungua.

Mafuta yanayozungumza

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalidhaniwa kuwa ghala tu la akiba. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, Marekani, walipogundua homoni iliyopewa jina la leptini.

Leptini hutengenezwa na seli za mafuta na kusafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, ikipeleka taarifa kuwa akiba ipo na njaa itulie. Panya aliyezaliwa na jeni mbovu ya homoni hiyo hula bila kushiba na kunenepa kupita kiasi.

Panya hao walikuwa na kasoro nyingine. Tezi ya thaimasi, ambayo ni shule ya askari wa kinga waitwao seli T, ilikuwa imesinyaa, na kinga yao ilikuwa dhaifu. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walieleza sababu: seli T zina vipokezi vya leptini. Leptini inaposhuka, kama inavyotokea wakati wa njaa, askari hao hupunguza kazi.

Hapo ndipo mantiki ya mwili inapoonekana. Kupambana na maradhi hugharimu nguvu nyingi, na homa peke yake huteketeza akiba. Kabla ya kuingia vitani, mwili huuliza kwanza kama ghala lina chakula. Leptini ndiyo mtunza ghala anayejibu swali hilo. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya mtoto mwenye utapiamlo auawe na surua au kuhara, ilhali mwenzake aliyelishwa vizuri hupona.

Ushahidi kwa binadamu ulitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1997. Madaktari walieleza kisa cha watoto wawili wa ukoo mmoja, wenye asili ya Pakistan, waliorithi jeni mbovu ya leptini kutoka pande zote mbili za wazazi. Mmoja alikuwa na umri wa miaka minane na uzito wa kilo 86. Uchunguzi uliofuata kwa watoto wenye kasoro hiyo ulionesha kuwa seli T zao zilikuwa chache na zilifanya kazi kwa ulegevu. Walipodungwa leptini, hamu yao ya chakula ilitulia, uzito ukashuka, na seli za kinga zikarejea katika hali nzuri.

Jeni moja ilikuwa imevuruga uzito na kinga kwa pamoja. Kasoro kamili ya aina hiyo ni nadra sana duniani, lakini ilifungua mlango wa kuelewa mengine yaliyo ya kawaida zaidi.

Mfano mmojawapo ulitoka Bangladesh mwaka 2011. Huko watoto wengi huugua kuhara kunakosababishwa na amiba. Watafiti waligundua kuwa tofauti ndogo katika jeni ya kipokezi cha leptini iliongeza karibu mara nne uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Jeni iliyojulikana kwa kuratibu njaa na mafuta ilikuwa pia mlinzi wa utumbo.

Askari waliohamia ghalani

Upande wa pili wa uhusiano huu ni wa mafuta yaliyozidi. Mwaka 1993, kabla hata leptini haijagunduliwa, watafiti wa Marekani walionesha kuwa mafuta ya panya wanene hutoa kemikali iitwayo TNF, ambayo kwa kawaida hutolewa na seli za kinga wakati wa maambukizi. Kemikali hiyo huzuia insulini kufanya kazi, na insulini inaposhindwa, kisukari hubisha hodi.

Mwaka 2003 ilijulikana inakotoka sehemu kubwa ya kemikali hizo. Ndani ya mafuta kulikuwa na makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Kwa mtu mwembamba hazifiki asilimia 10 ya seli zilizomo kwenye mafuta. Kwa watu wanene zilikadiriwa kufikia karibu asilimia 40.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Seli ya mafuta inapojazwa mno hukosa hewa ya kutosha, hupasuka na kufa. Makrofaji huitwa kusafisha. Zinapofika hutoa kemikali za kuita wenzao, na kwa kuwa mafuta hayapungui, kazi haiishi. Mwili huingia katika hali inayoitwa mwako wa ndani. Ni ule mwako unaofanya kidonda kiwe chekundu, chenye joto na maumivu, ila huu ni wa chinichini, hauumi, na hudumu kwa miaka.

Mwako huo huharibu mishipa ya damu, huchangia kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na huchosha jeshi la kinga. Watu wanene huitikia kwa udhaifu baadhi ya chanjo, kama ile ya homa ya ini aina B. Wakati wa janga la Uviko-19, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2019, unene uliokithiri ulionekana kote duniani kuwa miongoni mwa mambo yaliyozidisha uwezekano wa mgonjwa kuzidiwa na kufa.

Jeni ya kinga iliyopatikana kwa Waafrika

Kasoro kubwa ya sayansi ya vinasaba ni kwamba imejengwa juu ya damu ya watu wachache. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kuwa asilimia 78 ya watu waliohusishwa katika tafiti za kusaka jeni za magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu. Hata hivyo, Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote, kwani ndiko binadamu alikoanzia.

Pengo hilo limeanza kuzibwa. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, likiongozwa na mtaalamu wa vinasaba mzaliwa wa Nigeria, Charles Rotimi, lilichapisha matokeo ya kusaka jeni za unene kwa Waafrika waishio barani na Wamarekani Weusi. Walikuta tofauti katika jeni iitwayo SEMA4D. Ilikuwapo kwa takriban asilimia 1 ya watu wa Afrika Magharibi na Wamarekani Weusi waliopimwa, na waliokuwa nayo walikuwa na uzito wa karibu kilo 2.7 zaidi ya wenzao. Kwa watu wa Ulaya na Asia haikuonekana.

Linalovutia ni kazi ya jeni yenyewe. SEMA4D ilikuwa ikijulikana tayari kwa wataalamu wa kinga, kwa sababu hutengeneza protini iliyopo juu ya seli T na kuzisaidia kuwasiliana na seli nyingine za ulinzi. Inahusika pia katika ujenzi wa mifupa. Hakuna aliyekuwa ameitazama kama jeni ya unene. Isingepatikana kamwe kama watafiti wangeendelea kuwapima Wazungu peke yao.

Afrika Mashariki nayo imetoa mchango. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa vijiji vya kusini magharibi mwa Uganda. Kazi hiyo ilibainisha tofauti nyingi ambazo hazikuwamo katika kumbukumbu za Ulaya, zikiwamo zinazohusiana na vipimo vya damu na mafuta.

Kwa nini vinasaba vyetu vitofautiane? Jibu moja ni maradhi. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwa utafiti uliofanywa Afrika Mashariki kuwa mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali mwenye nakala mbili huugua. Ndiyo maana jeni hiyo haijatoweka. Kwa maelfu ya miaka malaria, malale na minyoo vimechuja vinasaba vya watu wa eneo hili. Mwenye kinga kali ndiye aliyesalia kuzaa. Kinga kali hiyohiyo, ikiwekwa ndani ya mwili uliojaa mafuta na usio na minyoo, inaweza kugeuka kuwa mwako.

Funzo kutoka Moshi

Utafiti ulio karibu zaidi na maisha ya msomaji wa Songwe ulifanyika mkoani Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC mjini Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Miongoni mwa walioufanya ni mtafiti Mtanzania Godfrey Temba.

Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya kupima kinga ya Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini. Wa mjini walikuwa na kinga iliyoelekea zaidi kwenye mwako, ingawa hawakuwa wagonjwa. Watu wa vijijini walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kemikali zitokanazo na mimea, zikiwamo zinazotuliza mwako. Tofauti hiyo ilihusishwa na chakula.

Mwaka 2022 kundi hilo lilitazama vinasaba vya Watanzania hao, likitaka kujua ni jeni zipi zinazoamua seli zitoe kiasi gani cha kemikali za kinga. Waliyoyakuta yalitofautiana na yaliyojulikana kwa watu wa Ulaya. Kwa lugha nyepesi, swichi zinazowasha na kuzima mwako kwa Mtanzania si zote zilizo sawa na za Mholanzi. Dawa na vipimo vilivyobuniwa kwa kutazama mwili mmoja haviwezi kuchukuliwa kuwa vinafaa kila mwili.

Kisha likaja jaribio lililochapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 walishiriki. Baadhi ya wanakijiji waliokuwa wakila chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha mjini chenye vitu vilivyosindikwa na kukaangwa. Watu wa mjini nao walipewa chakula cha asili chenye mboga za majani, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Kundi lingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Kwa wanakijiji, protini za mwako zilipanda na seli zao za kinga zikaitikia kwa ulegevu zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa waliorejea kwenye chakula cha asili, mwako ulishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Mbege nayo ilionekana kupunguza mwako, jambo linalohusishwa na uchachushaji, ingawa hiyo si ruhusa ya kulewa, kwa kuwa pombe ina madhara yake yanayojulikana.

Ndani ya wiki mbili hakuna jeni ya mtu yeyote iliyobadilika. Kilichobadilika ni jinsi jeni zilezile zilivyotumika.

Vidonge, uzito na jeni

Tunduma na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kwa ujumla bado ina watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwao suala la unene lina uzito wa pekee.

Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye dawa mseto yenye dolutegravir, badala ya ile yenye efavirenz. Dawa hiyo ni bora na virusi huwa vigumu kuizoea. Hata hivyo, jaribio lililofanywa Johannesburg, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2019 lilionesha kuwa baada ya wiki 48 waliotumia dolutegravir pamoja na tenofovir ya kawaida waliongezeka wastani wa kilo 3.2, na waliotumia efavirenz kilo 1.7. Wanawake waliongezeka zaidi.

Uchambuzi wa baadaye wa vinasaba ulieleza sehemu ya kitendawili hicho. Jeni ya ini iitwayo CYP2B6 huamua kasi ya mwili kuchakata efavirenz. Wenye aina inayochakata polepole, ambao ni wengi barani Afrika, hukaa na dawa nyingi katika damu na hilo huzuia uzito kuongezeka. Wanaoichakata kwa kasi waliongezeka uzito karibu sawa na watumiaji wa dolutegravir. Kwa maneno mengine, sehemu ya lawama iliyotupiwa dawa mpya ilitokana na dawa ya zamani kuwakondesha baadhi ya watu.

Kwa mgonjwa, la msingi ni moja. Asiache wala kuruka dawa kwa kuogopa kunenepa, kwa sababu virusi visivyodhibitiwa ni hatari kubwa kuliko kilo chache. Apime uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari kila anapokwenda kliniki, na amwambie mhudumu akiona uzito unapanda.

Kifua kikuu nacho kinaonesha jinsi mizani ilivyo ya pande mbili. Watu wembamba sana huugua kifua kikuu zaidi kuliko wanene. Lakini mnene akishapata kisukari, hatari hurudi kwa nguvu, kwani kisukari huongeza takriban mara tatu uwezekano wa kuugua. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa kifua kikuu, ikilinganishwa na asilimia 9.4 ya majirani zao wasio na ugonjwa huo.

Yanayoanza tumboni mwa mama

Swali moja limebaki: udumavu wa vijijini na unene wa mjini vinahusianaje? Sehemu ya jibu ilitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944/45 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula, na maelfu wakafa kwa njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 ulionesha kuwa vijana ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa wanene zaidi kuliko wengine. Miongo sita baada ya njaa, mwaka 2008, alama zake zilionekana bado juu ya vinasaba vyao. Si maandishi ya jeni yaliyobadilika, bali alama za kemikali zinazoamua jeni isomwe au ifungwe.

Mtoto aliyelelewa tumboni kwa uhaba hujiandaa kuishi katika uhaba. Akikua na kuhamia mjini, akakutana na chipsi, soda na kazi ya kukaa, mwili wake huweka akiba ya kila kinachoingia. Hivyo mtoto aliyedumaa kijijini leo anaweza kuwa mgonjwa wa kisukari wa Tunduma miaka 40 ijayo. Fedha inayotumika kumlisha mama mjamzito wa Momba au Ileje ni kinga dhidi ya magonjwa yote mawili.

Nini kifanyike?

Kipimo cha vinasaba si hitaji la mwananchi wa kawaida. Hakuna jeni iliyotajwa hapa ambayo kuijua kungebadili ushauri atakaopewa. Historia ya ukoo inatosha: ikiwa mzazi au ndugu wa damu ana kisukari, shinikizo la damu au unene uliokithiri, anza kupima mapema. Isipokuwa mtoto mdogo anayenenepa kupita kiasi tangu miezi ya mwanzo na asiyeshiba kamwe, huyo afikishwe kwa daktari bingwa.

Chakula kinachotuliza mwako si cha kuagizwa kutoka nje. Maharage, mboga za majani, maboga, ulezi, dona, samaki wadogo, matunda na maziwa ya mgando vinapatikana katika masoko ya mkoa. Vinavyopaswa kupunguzwa ni soda, sukari, vyakula vya kukaanga katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, na pombe.

Mwendo wa dakika 150 kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano, ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Dereva anayengoja foleni anaweza kutembea. Mfanyabiashara anaweza kwenda dukani kwa miguu. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa yule mtu wetu wa kilo 82, hushusha sukari, shinikizo la damu na mwako kwa kiasi kinachopimika.

Wanaonenepa wasichekwe. Wawili wanaweza kula meza moja na kufanya kazi moja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe, kwa sababu ya walichorithi. Wala wanaokonda wasinong'onwe. Uzito wa mtu hausomeki kwa macho, na afya ya kinga yake vivyo hivyo. Mizani, kamba ya kupimia kiuno na tone la damu katika zahanati ya karibu vitaeleza zaidi ya pongezi za mtaani.